Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza: 'Rupia za Mjerumani' zinavyowaliza watu Gitega na Muyinga

Na Mwandishi Wetu, Gitega na Muyinga

WAHENGA walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika miji ya Gitega na Muyinga kuna bidhaa inayojitembeza kuliko hata mitumba. Haipangwi mezani sokoni, haina bei iliyoandikwa, wala mwenye nayo hapigi kelele za kuita wateja. Hutolewa mfukoni ikiwa imefungwa katika kitambaa, ikafunuliwa nusu, kisha ikafunikwa haraka kana kwamba kuna mtu anaiwinda.

Ni sarafu za kale. Wauzaji huziita 'rupia za Mjerumani', 'dhahabu ya Tabora' au 'pesa ya Mwami'. Wanaozitembeza hawana duka wala anwani. Na wanaolengwa zaidi ni makundi mawili: ndugu zetu waliorejea kutoka kambi za Tanzania wakiwa na fedha kidogo za kuanzia maisha, na wafanyabiashara wa mpakani ambao kila siku hubeba fedha taslimu za mzigo.

Nimetumia siku kadhaa kuzunguka katika miji hii miwili nikizitazama sarafu hizo, nikizipima kwa masonara na kuwasikiliza waliozinunua. Niliyoyaona yamenifundisha jambo moja ambalo kila msomaji anapaswa kulishika: tapeli wa sarafu hauzi sarafu, anauza hadithi. Sarafu yenyewe ina mwaka, maandishi, uzito na madini, na vitu hivyo havijui kusema uongo. Anayeipima kabla ya kuisikiliza hadithi ni vigumu kumtapeli.

Uongo uliokaa juu ya ukweli

Utapeli huu unashika kwa sababu umejengwa juu ya jambo la kweli. Sarafu za Kijerumani zilitumika kweli katika nchi hii. Urundi ilikuwa sehemu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, na mwaka 1912 makao ya utawala wa Kijerumani yalihamishwa kutoka Usumbura, Bujumbura ya leo, kwenda Gitega. Askari, wapagazi na watu waliofanya kazi kwa Wajerumani walilipwa kwa sarafu hizo.

Hata lugha zetu zinashuhudia. Neno 'hela' analolitamka kila Mswahili, na neno 'amahera' analolitamka kila Mrundi, yote yametokana na 'heller', sarafu ndogo ya Mjerumani. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba babu yake alizika hela za Mjerumani chini ya mgomba, hasemi jambo lisilowezekana. Ndiyo maana watu wenye akili timamu, wakiwemo wafanyabiashara wazoefu, wanaingia mtegoni.

Tuanze basi na ukweli wenyewe, maana asiyeijua ya kweli hawezi kuikamata ya bandia.

Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa sarafu zake mwaka 1890. Rupia yake ya fedha ina upande mmoja picha ya Kaisari Wilhelm II akiwa amevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake, pamoja na maandishi GUILELMUS II IMPERATOR. Upande wa pili kuna simba na mnazi, na jina la kampuni kwa Kijerumani: DEUTSCH OSTAFRIKANISCHE GESELLSCHAFT. Rupia moja ilikuwa sawa na pesa 64, na hizo pesa za shaba zilikuwa na maandishi ya Kiarabu.

Kuanzia mwaka 1904 serikali ya kikoloni yenyewe ilichukua kazi hiyo. Rupia ikagawanywa kuwa heller 100, na maandishi yakawa DEUTSCH OSTAFRIKA. Chini yake utakuta herufi ndogo, A kwa sarafu zilizotengenezwa Berlin au J kwa zile za Hamburg. Heller moja ni ya shaba, na ina taji na mwaka. Heller 10, na baadhi ya heller 5, zina tundu katikati. Rupia za fedha zilikoma mwaka 1914, kwa sababu vita ilipoanza meli za Ujerumani hazikuweza tena kuleta sarafu huku.

Katika maelezo hayo mafupi tayari kuna silaha ya kwanza. Rupia ya fedha yenye mwaka 1885 ni ya bandia, kwa kuwa kampuni ilikuwa haijaanza kutoa sarafu. Rupia ya fedha yenye mwaka 1918 ni ya bandia, kwa kuwa zilikuwa zimekwisha kukoma, na Wabelgiji walikuwa wamekwisha kuingia Urundi tangu 1916. Rupia yenye mwaka 1892 lakini maandishi DEUTSCH OSTAFRIKA peke yake ni ya bandia pia, maana maandishi hayo ni ya kuanzia 1904. Hapo hujatumia mizani wala dawa yoyote, umesoma tu.

Rupia tatu zenye kovu moja

Mjini Gitega, si mbali na soko, kijana mmoja alinionyesha rupia tatu za mwaka 1890. Alizitoa moja moja, na kila moja ilikuwa na hadithi yake. Ya kwanza ilitoka kwa bibi yake, ya pili ilichimbwa shambani, ya tatu aliachiwa na mzee wa Karusi aliyefariki dunia. Kila moja aliitaka faranga 400,000.

"Bosi, hizi si za kila mtu. Nimekuona una heshima ndiyo maana nimekuonyesha wewe," aliniambia.

Nilimwomba azipange zote tatu kiganjani mwangu, uso wa Kaisari ukiwa juu. Nyuma ya kofia, chini kidogo ya tai, sarafu ya kwanza ilikuwa na kovu dogo, kama imegongwa na msumari. Ya pili ilikuwa na kovu hilo hilo, mahali pale pale. Ya tatu vile vile.

Msomaji, litafakari hilo. Sarafu moja iliyokaa kwa bibi, nyingine iliyokaa ardhini na nyingine iliyokaa kwa mzee wa Karusi haziwezi kugongwa na msumari mmoja mahali pamoja. Maana yake ni moja tu: sarafu moja yenye kovu iliwekwa katika kalibu, na nyingine zote zikamiminwa kwa kuigiza ile, pamoja na kovu lake. Hii ndiyo sababu tapeli hupenda kutoa sarafu moja moja. Wewe mwombe azitoe zote kwa pamoja.

Kijana alikubali twende kwa sonara, nadhani kwa kuwa aliamini nina fedha. Mizani ya sonara ilisema gramu 9.21 kwa ya kwanza, 9.34 kwa ya pili na 9.18 kwa ya tatu. Rupia halisi ina gramu 11.66, na upana wake ni kama milimita 30. Ile iliyochakaa kwa kupita mikononi mwa watu wengi hupungua sehemu ndogo ya gramu, lakini haipungui gramu mbili na zaidi. Sonara, mzee aliyefanya kazi hiyo tangu ujana wake, alizirudisha mezani bila kusema neno. Kijana alizifunga katika kitambaa chake akaondoka.

Mizani, maji na sumaku

Masonara niliozungumza nao hutumia njia ambazo mtu yeyote anaweza kujifunza. Nazieleza hapa kwa mpangilio, kutoka nyepesi kwenda nzito.

Ya kwanza ni sumaku. Fedha, dhahabu na shaba hazivutwi na sumaku. Rupia ikinasa kwenye sumaku ya spika ya redio, ndani ni chuma, na mazungumzo yaishie hapo. Lakini tahadhari: sarafu isiyonasa haijathibitishwa kuwa ya kweli. Risasi, zinki na shaba ya njano nazo hazinasi. Sumaku hukamata wale wajinga tu katika matapeli.

Ya pili ni ukingo. Geuza sarafu utazame ubavu wake. Rupia halisi ina mistari midogo iliyosimama, iliyo sawasawa pande zote, kwa sababu ilipigwa kwa mashine. Sarafu iliyomiminwa katika kalibu mara nyingi ina alama ya mshono unaozunguka ubavuni, mahali nusu mbili za kalibu zilipokutana, au alama za tupa iliyotumika kuufuta mshono huo. Ukiwa na kioo cha kukuzia, tazama pia uwanja ulio kati ya maandishi. Vitundu vidogo kama vya mkate ni dalili ya madini yaliyomiminwa.

Ya tatu ni uchakavu. Sarafu iliyotembea huchakaa kwanza sehemu zilizoinuka: bawa la tai, kofia, masharubu na shavu la Kaisari. Sehemu za ndani, kama vile nafasi kati ya herufi, hubaki kali. Ukiona herufi zote zimelegea sawa na uso, kama sabuni iliyolowa, hiyo haikuchakaa kwa kutumika. Ilizaliwa hivyo.

Ya nne ni uzito na upana, ambayo tumekwisha kuiona. Hakikisha mizani ni ya sonara inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Mizani ya kupimia maharagwe haitakusaidia kitu.

Ya tano ni maji, na hii ndiyo inayowashinda matapeli wengi. Weka glasi yenye maji juu ya mizani, urudishe namba kwenye sifuri. Ifunge sarafu kwa uzi mwembamba, uishushe ndani ya maji mpaka izame yote, bila kugusa chini wala pembeni. Soma namba. Kisha gawa uzito wa sarafu ikiwa kavu kwa namba hiyo. Rupia halisi, ambayo sehemu 917 katika 1,000 ni madini ya fedha, itakupa karibu 10.3, kwa kuwa namba utakayoisoma majini ni kama 1.13. Shaba ya njano hutoa karibu 8.5, na zinki karibu 7.1. Zile rupia za Gitega zilitoa 8.5. Zilikuwa shaba ya njano iliyochovywa rangi ya fedha.

Faida ya maji ni kwamba hayadanganywi na unene. Tapeli anaweza kuifanya sarafu ya shaba kuwa nene zaidi ili ifikishe gramu 11.66, lakini hapo maji yatasoma 1.37 badala ya 1.13. Kwa shaba ya njano hawezi kushinda mizani na maji kwa wakati mmoja.

Na wapo wanaotumia fedha yenyewe. Rupia za India zenye sura ya Malkia Victoria zilitembea sana katika pwani na bara la Afrika Mashariki, na Mjerumani alipotengeneza rupia yake aliifuatisha kwa uzito na kwa madini. Rupia ya India ni sarafu halali ya kale, ila ni sarafu nyingine yenye bei nyingine. Kwa hiyo baada ya mizani na maji, rudi tena kwenye kusoma maandishi.

'Dhahabu ya Tabora' na fedha za mabati

Ukienda kaskazini mashariki hadi Muyinga, na kushuka hadi mpaka wa Kobero unaotazamana na Kabanga ya Tanzania, hadithi inabadilika. Huko rupia ya fedha ni kitu kidogo. Kinachotembezwa ni 'dhahabu ya Tabora'.

Nayo ina ukweli ndani yake. Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezingirwa, walitengeneza sarafu katika karakana ya reli mjini Tabora. Walitoa heller 5 na heller 20 za madini ya kawaida, na pia walitoa sarafu ya dhahabu ya rupia 15, kwa kutumia dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Ina tembo mbele ya milima upande mmoja, na tai wa Kijerumani upande wa pili. Zilitengenezwa 16,000 na ushee tu, kabla ya majeshi ya Wabelgiji kuingia Tabora Septemba 1916. Watoza sarafu wa Ulaya huinunua kwa maelfu ya dola. Kwa sababu hiyo hiyo, ni miongoni mwa sarafu za Afrika Mashariki zinazoigizwa sana.

Pale Kobero nilikutana na mfanyabiashara wa maharagwe ambaye aliingia mtegoni. Alikubali nieleze yaliyompata ili wenzake wajihadhari, mradi nisimtaje. Mtu wa kwanza alimwonyesha sarafu ya tembo akitaka faranga milioni moja na nusu. Alikataa. Baada ya nusu saa akatokea mtu wa pili, amevaa vizuri, anazungumza Kiswahili cha Kampala, akauliza kama kuna anayejua mahali pa kupata sarafu yenye tembo, kwa kuwa tajiri wake anainunua kwa milioni nne. Akaacha namba ya simu. Mfanyabiashara wetu akamkimbilia yule wa kwanza, akatoa fedha za mzigo wa wiki mbili. Namba ya simu haikupokelewa tena.

Alinionyesha sarafu aliyobaki nayo. Rangi ya dhahabu ilikuwa imeanza kubanduka kwenye mgongo wa tembo. Tuliipima Muyinga mjini: gramu 4.08. Rupia 15 halisi ina gramu 7.17 kwa upana wa milimita 22 hivi. Hakuna shaba inayoweza kuwa na ukubwa ule na kufikisha uzito ule, maana dhahabu ni nzito mno. Katika maji, dhahabu ya sarafu hiyo, ambayo ni sehemu 750 katika 1,000, hutoa karibu 15. Shaba ya njano haivuki 8.7. Vipimo hivyo vingemchukua dakika kumi.

Lakini Muyinga nilikutana pia na mama mmoja, aliyerejea kutoka kambi ya Nyarugusu, ambaye wafanyabiashara wakubwa wanaweza kujifunza kwake. Mume wake alikuwa tayari kutoa fedha walizotunza kwa ajili ya mabati, ili anunue sarafu ya tembo. Mama huyo hakubishana na mumewe mbele ya mgeni. Alisema tu, "Baba watoto, ni vizuri, lakini tupite kwanza kwa sonara, sote watatu." Muuzaji akajibu kwamba mizani ya sonara huondoa bahati ya dhahabu ya zamani. Mama akasema basi na ikae na bahati yake. Leo nyumba yao ina mabati.

Muuzaji anayekimbia mizani amekwisha kukujibu. Hakuna haja ya kumuuliza swali la pili.

Mwaka ulioandikwa si mwaka iliyotengenezwa

Kuna sarafu nyingine inayopita mpakani yenye mwaka 1780 na sura ya mama mnene mwenye shela. Ni dola ya Maria Theresa, malkia wa Austria, iliyotumika sana Zanzibar, Ethiopia na Uarabuni. Wauzaji husema ina zaidi ya miaka 240. Ukweli ni kwamba baada ya malkia huyo kufariki dunia mwaka 1780, sarafu hiyo iliendelea kutengenezwa kwa mwaka uleule, Vienna na baadaye hata Roma, London na Bombay, mpaka karne ya 20. Halisi ina gramu 28.07, na sehemu 833 katika 1,000 ni fedha. Hata ikiwa halisi, mara nyingi thamani yake haizidi sana thamani ya fedha iliyomo.

Kutoka upande wa Ngara na Kagera huja shilingi za Afrika Mashariki zenye simba mbele ya milima, zilizotolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Hizi ni halisi mara nyingi, ila zinauzwa kama 'fedha tupu ya Mwingereza'. Za mwaka 1921 hadi 1946 zina fedha robo tu, yaani kama gramu mbili katika uzito wa gramu 7.78. Za 1948 hadi 1952 hazina fedha hata chembe, ni shaba na nikeli. Kwa hiyo soma mwaka kabla ya kufungua pochi.

Na hapa Gitega, mji wa historia ya wafalme, wapo wanaouza 'dhahabu ya Mwami'. Ni kweli kwamba kwa uhuru wa 1962 zilitolewa sarafu za dhahabu za Mwami Mwambutsa IV, za faranga 10, 25, 50 na 100, na nyingine zikatolewa mwaka 1965 kwa miaka 50 ya utawala wake. Lakini hizo ziliuzwa kwa watoza wa nje na hazikuwa fedha za sokoni. Ile ya faranga 100 ina gramu 32. Kinachouzwa mitaani mara nyingi ni faranga 1 ya ufalme ya mwaka 1965, ambayo ni shaba ya njano. Ni kumbukumbu nzuri ya nchi yetu, lakini si dhahabu, na wala haikuwahi kuwa.

Mchele hauna sumaku

Siwezi kumaliza bila kuitaja hadithi ya rupia 'inayovuta mchele'. Muuzaji huweka sarafu karibu na punje za mchele, nazo zikasogea. Husema sarafu hiyo ina nguvu na kuna Wazungu au Waarabu wanaoitafuta kwa mabilioni. Fedha haivuti mchele. Dhahabu haivuti mchele. Ukiona mchele unavutwa, ujue umepakwa vumbi la chuma na kwamba ndani ya sarafu kuna sumaku. Omba utumie mchele wako mwenyewe uone kitakachotokea.

Uvumi wa namna hii haukuanzia kwetu. Mwaka 2009 huko Saudi Arabia watu walinunua cherehani kuukuu za Singer kwa bei za ajabu, kwa kuamini kwamba ndani yake kuna 'zebaki nyekundu' yenye maajabu. Hapakuwa na kitu. Waliofaidika ni wale waliouza mapema.

Thamani halisi, na wewe uliye na ya kweli

Ni haki pia kusema ukweli wa pili, kwa ajili ya wale walio na sarafu halisi nyumbani. Katika familia zilizokimbia mwaka 1972 na kuishi Katumba, Mishamo au Ulyankulu, na zile zilizokaa baadaye Lukole, Mtabila na Nduta, wapo wazee waliobeba sarafu za babu zao ndani ya mikoba. Bibi mmoja wa Muyinga alinionyesha heller moja ya 1913 yenye herufi J, nyeusi kwa umri, na kila alama ilikuwa mahali pake. Alikuwa ameambiwa na mtu mmoja kwamba ni mamilioni, na mwingine kwamba ni takataka.

Si mamilioni wala si takataka. Heller moja ya kawaida huuzwa kwa watoza kwa dola chache. Rupia ya kawaida ya fedha huuzwa kwa makumi ya dola, ikipanda kulingana na hali yake na mwaka. Kuna kipimo cha chini ambacho hakuna mtu anayeweza kukunyang'anya: rupia moja ina karibu gramu 10.7 za fedha safi. Muulize sonara bei ya gramu ya fedha siku hiyo, zidisha, na usikubali chini ya hapo.

Kama unayo, usiisugue. Usitumie majivu, ndimu wala dawa ya meno. Weusi wa umri ni sehemu ya ushahidi wake, na mtoza sarafu akiona imesuguliwa hupunguza bei. Usimruhusu mtu aikwangue kwa jiwe au kuitia asidi. Maji na mizani vinatosha. Ipige picha pande zote mbili ikiwa kando ya rula, uandike uzito wake. Watoza hulinganisha na katalogi, na zile za Krause hutaja kila sarafu kwa namba inayoanza na herufi KM. Mnunuzi wa kweli akiuliza namba hiyo au uzito, usishangae. Ndivyo wanunuzi wa kweli wanavyozungumza. Na usiuze siku ya kwanza.

Kwa anayenunua, kanuni ni chache. Usinunue njiani, usinunue usiku, usinunue kwa kuwa kuna mtu wa pili anayeitaka. Usitoe kianzio. Mpeleke muuzaji kwa sonara uliyemchagua wewe, si yeye. Akikataa, mwage. Ukiwa umekwisha kutapeliwa, itunze sarafu hiyo na namba za simu, na upeleke taarifa polisi na kwa kiongozi wa kilima au kartie yako. Waliotapeliwa wengi hunyamaza kwa aibu, na ukimya wao ndio mtaji wa tapeli anapohamia kilima kinachofuata.

Fedha ya mabati, ya mbegu na ya mzigo wa mpakani imetafutwa kwa jasho. Kabla hujaitoa kwa ajili ya sarafu, ipeleke kwanza sarafu hiyo kwenye mizani.